Picha ya Kumi na Mbili

Kidoti cha Najat kilikuwa upande usio wake.

Sabiha aliinama juu ya beseni la dawa akaitazama ile picha ikielea chini ya taa nyekundu. Alikuwa ni yeye, bibi harusi wa Pongwe, kakaa mkekani na liwa usoni, mikono kaiweka magotini hina ipate kukauka. Alhamisi iliyopita Sabiha alikiona kidoti kile kwa macho yake, shavu la kushoto, akamtania mwari wa watu kwamba hicho peke yake kilitosha kutolewa mahari. Sasa kilikuwa shavu la kulia.

Aliwaza kile ambacho fundi yeyote wa picha angekiwaza: nimeiweka negativu kinyume. Akaitoa kwenye mashine ya kukuzia, akaigeuza, akachapa upya. Kidoti kikarudi kushoto, sawa. Lakini Sabiha alikuwa na mtindo wa kuchapa picha pamoja na ukingo wa filamu, na pale ukingoni maandishi madogo ya kiwandani yalitoka yamegeuka, na namba 12 nayo imegeuka. Akazikagua nyingine kumi na moja za filamu ileile. Zote zilikuwa sawasawa, maandishi na sura. Hiyo moja tu ndiyo iliyokuwa imekaa kivyake.

Filamu ni utepe mmoja. Haiwezekani picha kumi na moja zitazame huku na ya kumi na mbili itazame kule. Sabiha alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote Tanga nzima. Kisha akafanya kama tufanyavyo sote tukiwa na kazi ya watu mkononi. Akachukua mkasi, akaukata ukingo, akaitia picha kwenye bahasha.

Kamera ilikuwa ya babu yake, Mzee Haji, aliyekuwa na studio Barabara ya Nane pale Ngamiani tangu enzi za watu kuazima koti ili wapigwe picha. Ni kisanduku cheusi chenye macho mawili, moja juu ya jingine. Huishiki usoni. Unaiweka tumboni, unafungua kifuniko cha juu, unainamisha kichwa, na pale chini, kwenye kioo cha mraba, unamwona uliyekuja kumpiga, mdogo, anang'aa, na amegeuzwa. Mkono wake wa kulia uko kushoto. Ukisogea huku, yeye anakwenda kule. Filamu moja ina picha kumi na mbili, basi, na negativu yake ni pana kama biskuti.

Sabiha alianzia kwenye kamera za kisasa. Alikuwa akipiga harusi moja picha elfu mbili, akirudi nyumbani hakumbuki hata moja. Siku alipoifuta vumbi kamera ya babu na kuinamisha kichwa juu ya kile kioo, alipendezwa mpaka akasahau kufyatua. Hapa kila picha ilimdai afikiri kwanza. Vijana wa mjini walimcheka, "Dada, hilo si jiko la mafuta ya taa?" halafu wakaja mmoja mmoja kuomba wachungulie. Yeye aliwaacha wachungulie na kujisikia tajiri.

Na kazi ikaja yenyewe. Mwaka mmoja kabla, picha ya mwari wa Chumbageni, kifua wazi na liwa mwilini, ilizunguka kwenye simu za wanaume mji mzima kabla hata hajaolewa. Tangu hapo, kwenye singo, ile shughuli ya wanawake ya kumsugua mwari kabla ya harusi, simu zikawa zinakusanywa kapuni mlangoni. Ndipo alipotafutwa Sabiha, mwanamke mwenzao, mwenye kamera isiyoweza kutuma kitu popote. Alipiga, alisafisha filamu mwenyewe kwenye chumba cha giza nyuma ya studio, akamkabidhi bibi harusi picha na negativu zake mkononi. Hakubakiwa na hata kivuli.

Somo, au kungwi, wa singo nyingi hizo alikuwa Bi Khadija, mwanamke wa miaka sabini na ushei, mkavu, mwepesi wa miguu. Alipokuwa kigori alifanya kazi kwa Mzee Haji, akiwavisha na kuwapamba maharusi waliokuja kupigwa picha. Siku ya kwanza alipomwona Sabiha na ile kamera alimvuta pembeni.

"Babu yako alikuwa akipiga kumi na moja," alisema. "Ya mwisho anaifunika lenzi kwa kiganja, anafyatua, anaizungusha inapita. Ya mwenyewe hiyo."

"Mwenyewe nani, bibi?"

"Mwenyewe."

Sabiha alitabasamu kwa adabu. Ni kweli, negativu zote za zamani zilizojaa makabatini zilikuwa na picha kumi na moja na mwisho mtupu, lakini yeye aliamini babu macho yalimpunguka akawa haioni namba. Filamu sasa ziliagizwa ng'ambo, zikipitia Dar, mtu unasubiri mwezi mzima. Kuitupa picha moja katika kumi na mbili kulimuuma. Bi Khadija hakubishana. Alichofanya ni kwamba kila singo, namba kumi na mbili ikifika, ama alipita mbele ya kamera na kanga yake, ama alileta kiganja kwenye lenzi kama mtu anayefanya mzaha. Picha ya mwisho ya Sabiha ikawa kila siku ni kiza. Kila siku wakacheka wengine, naye akachukia kimoyomoyo.

Pongwe tu ndiko Bi Khadija alikotoka kwenda kuswali Alasiri kabla kazi haijaisha. Sabiha aliipata kumi na mbili yake, safi, Najat katikati ya mkeka.

Wiki mbili baada ya harusi ile, mama mkwe wa Najat aliingia studio asubuhi, akafunga mlango nyuma yake.

"Nimekuja kukuuliza kwa wema," alisema kwa sauti ya chini. "Ulimfanya nini mke wa mwanangu?"

"Mie? Nilimpiga picha, mama."

"Anakula kwa mkono wa kushoto. Mbele za wakwe! Ukimkanya anatabasamu. Kanga anaifunga kinyume. Usiku mwanangu anasema ubavuni kwake hausikii moyo ukipiga, unapigia upande wa pili. Na chumba kizima kinanuka siki." Akavuta pumzi mbele ya Sabiha, polepole. "Siki hii hii inayonuka mikononi mwako."

Sabiha aliangalia mikono yake. Ni kweli, dawa ya pili ya kusafishia picha ina harufu ya siki, haitoki hata kwa ndimu. Alieleza, akaapa, mama yule akafungua mlango akaondoka. Kufikia Ijumaa, singo mbili zilizokuwa zimemwita Sabiha zilighairi.

Alikaa na hasira siku tatu, na hasira ikatafuta pa kukaa. Ikampata Bi Khadija. Nani alikuwa ndani na Najat siku saba nzima akimsugua na kumlisha? Nani aliyetaka picha ya kumi na mbili iogopwe? Mtu aliyesema kutatokea baya, na baya likatokea, huyo si ndiye wa kwanza kutazamwa? Tena kulikuwa na la zamani. Bibi yake Sabiha, mke wa Mzee Haji, aliondoka siku moja mchana, ati kaenda Mombasa, akaviacha viatu vyake mlangoni pa studio. Hakuonekana tena. Na Khadija, kigori wa studio, ndiye aliyebaki akimpikia mzee mpaka anakufa. Watu wa mtaani walisema waliyosema. Sabiha alikua akiyasikia. Zaidi ya yote, hakuna aliyewahi kuiona picha ya Bi Khadija. Kamera ikimwelekea, hugeuza uso.

"Nasra hatamgusa," Sabiha alimwambia mumewe. "Wallahi hatamgusa."

Nasra alikuwa mdogo wake, na alikuwa ndiyo dunia yake. Mama yao alifariki Nasra ana miaka minne, na Sabiha, wakati huo yuko kidato cha pili, akamlea pale pale studio, katikati ya mapazia na viti vya kupigia picha. Kovu dogo lililokata nyusi ya kulia ya Nasra lilitokana na ngazi ya mlango ule. Hata kusoma alijifunzia hapo, kwenye kioo cha mlango kilichoandikwa kwa nje STUDIO YA HAJI. Kwa ndani maandishi yalisomeka kinyume, na mtoto akayasoma alivyoyaona. Mpaka anakufa, mzee yule aliitwa na wajukuu zake Babu Ijah, na hakuna mtu mwingine aliyejua kwa nini.

Sasa Nasra alikuwa anaolewa na Suleimani, kijana mpole wa bandarini. Sabiha alimtoa Bi Khadija katika shughuli kwa maneno mazuri, akaleta somo mwingine. Bi Khadija alifika mlangoni siku ya singo bila kualikwa, akasimama nje, kando ya kapu la simu.

"Sabiha, mwanangu. Kama mie hunitaki, sawa. Ila acha moja."

"Rudi nyumbani, bibi. Watu wanatazama."

"Nakuomba kwa haki ya aliyekulea. Acha moja."

Sabiha alifunga mlango. Moyoni alijisikia mshindi, na hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote.

Singo ilikuwa nzuri. Nasra alikaa mkekani anang'aa kwa liwa, anacheka meno yote nje, wanawake wanaimba, na Sabiha akainamisha kichwa juu ya kile kioo akimwona mdogo wake mle ndani, mdogo, amegeuzwa, kovu liko nyusi ya kushoto kama kawaida ya kioo kile. Alifyatua kumi na moja. Kwenye ya kumi na mbili alitulia. Nasra mle kiooni aliacha kucheka, akainua macho, akamtazama moja kwa moja. Sabiha aliinua kichwa. Nasra wa mkekani alikuwa bado anacheka, anatazama pembeni.

"Macho yamechoka," akajiambia, akafyatua.

Kesho yake harusi ikafungwa, bibi harusi kafunikwa shela mpaka kidevuni, na Jumamosi saa nne asubuhi, jua kali nje, Sabiha akajifungia kwenye chumba cha giza kusafisha filamu ya mdogo wake.

Mwanzo wa kazi ile hautaki hata taa nyekundu. Ni giza tupu, mtu anaifungua filamu kwa vidole na kuizungushia kwenye gurudumu dogo la plastiki kabla ya kuitia chomboni. Sabiha alikuwa akiipenda dakika ile. Aliona raha ya kufanya kitu kwa kugusa tu. Leo aliipata ncha ya filamu, akaiingiza, akaanza kuzungusha taratibu, na alipofika katikati akahisi filamu imekuwa nyepesi, haining'inii tena kuelekea sakafuni kama inavyotakiwa, bali imenyooka mbele yake kwenye giza, imekaza kidogo, kama vile mwisho wake umeshikwa na mtu aliyekaa upande wa pili wa meza na anayejua kazi, anayeachia kidogo kila yeye anapovuta, bila kumharakisha, na harufu ya siki ikapanda ilhali chupa zote zilikuwa zimefungwa, na nyuma ya siki ikaja harufu nyingine, ya liwa mbichi na hina, harufu ya mwari, karibu kabisa, mpaka akahisi joto la pumzi juu ya vidole vyake. Hakuthubutu kuacha kuzungusha. Bila kupanga likamtoka jina alilozoea kuliita kila akiogopa.

"Nasra?"

"Labeka, dada."

Sauti ilitoka kwenye filamu, pale pale mkononi mwake, ndogo, yenye kilio.

"Dada, mbona hunitoi?"

Jinsi alivyomaliza kazi ile hakuikumbuka. Alichokumbuka ni negativu ikiwa imening'inia inadondosha maji, na ile ya mwisho ikiwa na maandishi sawa na sura kinyume. Akavaa baibui, akakimbilia bajaji, "Raskazone, haraka."

Suleimani na mkewe walikuwa wamepanga banda la uani la nyumba ya zamani karibu na bahari. Ilikuwa siku ya pili ya fungate. Nasra alimfungulia mlango mwenyewe, mrembo, mtulivu, akamkaribisha kwa bashasha, akamletea juisi ya ukwaju. Aliileta kwa mkono wa kushoto. Kovu lilikuwa nyusi ya kushoto. Chumba kilinuka udi, na chini ya udi, siki.

Sabiha aliishika ile glasi asinywe. Suleimani alikuwa barazani, kajiinamia, hatazami ndani.

"Nasra," Sabiha alisema kwa upole, "unakumbuka tulikuwa tunamwitaje babu?"

"Babu Haji."

"Sisi wawili tu. Lile jina la kwenye kioo."

Nasra alitabasamu kama mtu anayeulizwa jambo la kitoto. "Haji, dada. Si ndivyo kilivyoandikwa kioo?"

"Kwa ndani?"

"Kwa ndani, ndiyo. Studio ya Haji."

Sabiha aliiweka glasi mezani polepole sana ili isilie.

Bi Khadija alikuwa uani kwake Makorora, anasaga liwa. Alipomwona Sabiha uso ulivyo, aliacha jiwe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umepiga."

"Nimepiga." Sabiha akakaa chini mavumbini akalia kwa sauti, bila kujali majirani. Mama yule alimwacha alie. Kisha akamsogelea, akanong'ona.

"Mie nilikuwamo mule, siku moja na usiku wake. Kamera babu yako kaiokota kwenye nyumba iliyohamwa kule Raskazone, hajui bado. Akanipiga ya kumi na mbili kunijaribia gauni. Najua kulivyo. Kunanuka siki, umekaa unangoja kupigwa picha, na picha haiishi. Nje hapa kikawa kinatembea kitu na sura yangu."

"Ulitokaje?"

"Kwa kioo kikubwa cha studio. Kilichogeuzwa kikipigwa kupitia kioo kinageuka tena. Ya kumi na mbili hiyo hiyo. Mlete Nasra kesho Adhuhuri, wanaume wakiwa msikitini. Ila nitafyatua mie."

"Kwa nini wewe?"

"Usiniulize, mwanangu. Yule husikia akisemwa."

Sabiha alifuta machozi, na hapo hapo, katikati ya shukrani, lile dudu la zamani likamgeukia moyoni. Kwa nini yeye? Ameitaka kamera hii tangu lini? Bibi yangu alikwenda wapi? Akasema, "Sawa, bibi," na hakumaanisha.

Kesho yake alimdanganya shemeji yake kwamba picha za Nasra ziliungua na zinatakiwa nyingine. Suleimani hakuuliza mbona bibi harusi anatolewa nje ndani ya fungate. Alisema tu kwa unyonge, "Shemeji, mrudishe yule niliyemposa." Nasra huyu alikuja kwa furaha. Kupigwa picha alikupenda. Sabiha aliapa moyoni kwamba akimpata mdogo wake, Najat wa Pongwe atafuata kesho yake.

Studio ilikuwa kimya, adhana imekwisha, barabara nyeupe kwa jua. Bi Khadija aliketi kwenye kona, kanga kajitanda mpaka puani. Walipofyatua zile kumi na moja za mwanzo, mama yule aliweka kiganja juu ya lenzi, na Sabiha akahesabu kwa kunong'ona: moja, mbili, tatu. Kila mlio wa kamera ulisikika umechelewa kidogo, kama unajibiwa chumba cha nyuma. Kwenye kumi na moja, yule Nasra aliacha kutabasamu.

"Mbona mnafunika?"

"Simama hapa," Sabiha akasema, akamgeuza bega. Mbele yao kilikuwa kile kioo kirefu ambacho maharusi wa miaka hamsini walijitazamia.

Na mle kiooni alisimama Nasra. Kovu nyusi ya kulia, mahali pake. Alikuwa na liwa usoni iliyochirizika machozi, anapiga kioo kwa viganja bila sauti, na midomo yake ilikuwa inasema dada, dada, dada, ilhali yule aliyesimama upande wa huku, baridi, mgongo wima, hakuwa amefumbua mdomo wala kuinua mkono, alikuwa anageuza shingo polepole kumtafuta Sabiha kwa jicho la pembeni, na harufu ya siki ikajaa chumba mpaka macho yakawasha, na nyuma, kwenye chumba cha giza, mabeseni yakaanza kugongana moja moja kama mtu anayapanga ili atoke.

"Nipe," Bi Khadija alinong'ona. Alikuwa amesogea karibu, mikono yote miwili mbele. "Sabiha, nipe kamera. Sasa."

Sabiha aliitazama mikono ile mikavu iliyokuwa inajinyoosha kwa haraka. Ilikuwa haraka ile ile ya kwenye kila singo. Akamwona kigori wa studio na viatu vya bibi yake mlangoni. Akaona atampa mtu huyu roho ya mdogo wake aishike, kisha afanye nini? Hapana. Hapana, si Nasra.

"Kaa mbali nami!"

"Mwanangu, anayefyatua naye huonekana kiooni—"

Sabiha alikuwa ameshainamisha kichwa. Kwenye mraba ule mdogo aliwaona wote, Nasra anayelia na, pembeni yake, yeye mwenyewe na kisanduku tumboni. Akafyatua.

Kilio cha Nasra kikapasuka chumbani, kilio cha kweli, cha koo, "Dada! Dada yuko wapi?" na juu yake sauti ya Bi Khadija ikipiga ukelele, "Ndivyo alivyokwenda bibi yako! Ndivyo alivyonikomboa mie! Nilitaka niende mie, Sabiha, mie niliyekwisha ishi!" Sabiha alitaka kuwajibu kwamba niko hapa, mbona mwanipigia kelele, lakini sauti zao zilikuwa zinapungua, kama watu wanaoondoka wakilia, zikaenda, zikaenda, zikaisha.

Alikuwa amesimama studio. Kiti, pazia, kioo kirefu, vyote vilikuwapo. Kioo hakikuwa na mtu ndani yake. Amepona, akawaza. Nasra amepona, nimemsikia. Moyo ulimjaa furaha mpaka akacheka peke yake, akauweka mkono kifuani kuutuliza, na moyo haukuwa pale alipouweka.

Akageuka kuelekea mlangoni apate hewa. Nje ya kioo cha mlango hapakuwa na barabara, palikuwa na weupe tu. Na juu ya weupe ule, herufi alizozisoma kinyume tangu utotoni zilikuwa zimenyooka, zinasomeka vizuri kwa ndani: STUDIO YA HAJI.

Harufu ya siki ilikuwa nzito. Nyuma yake mtu akakohoa kwa adabu.

Alikuwa ni Najat wa Pongwe, kakaa mkekani, mikono magotini, asiiharibu hina. Liwa mashavuni mwake ilikuwa bado mbichi.

"Ah, dada Sabiha," alisema, na uso ukamnawiri kwa matumaini. "Ndo tumemaliza? Naweza kuinuka sasa?"